Kicheko cha Nshamba na Fizikia Yangu

Ukisema hapa Mlimani kwamba unatoka Muleba, utaulizwa mambo mawili. La kwanza ni senene, kama umekuja nao. La pili ni kile kicheko. Mwaka wa kwanza, pale Mabibo, mwenzangu wa chumbani alinionyesha video kwenye simu yake: eti mwaka 1962, shule moja ya wasichana huko Tanganyika, watoto walianza kucheka wakashindwa kuacha, hadi shule ikafungwa. "Oya, si kwenu huko? Mna nini nyie watu?" Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka nao. Shule yenyewe, Kashasha, naifahamu. Kutoka hapo ugonjwa ulifika Nshamba, kwetu. Nilichokuwa sikijui siku ile ni kwamba bibi yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa waliougua.

Wahariri wa gazeti hili waliniomba niandike kuhusu projekti yangu ya mwaka wa tatu, "kwa lugha ambayo hata mtu wa Sheria ataelewa". Nimejaribu. Ila projekti na bibi vimeshikana kiasi kwamba sijui kusimulia kimoja nikaacha kingine, kwa hiyo mtanivumilia.

Jina la projekti linachukua mistari mitatu kwenye jalada. Kwa maneno ya kawaida, ni jinsi ya kutumia eksirei kutazama misukosuko ya sumaku inayozaliwa na kufa haraka mno ndani ya vitu vinavyoitwa maada za kwantamu. Hivyo ni vitu ambavyo huwezi kuieleza tabia yake kwa kuichunguza elektroni mojamoja, kwa sababu kila moja inafanya jambo kwa kuzitazama nyingine. Msimamizi wangu aliponieleza mara ya kwanza niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Na mjue kwamba mwaka wa pili nilikuwa na supu ya somo la Kwantamu (supu ya mtihani, si ya utumbo). Nilitoka ofisini kwake sijui kama nimekubali au nimeshindwa kukataa.

Tuanze na sumaku. Baba yangu mdogo ni fundi redio pale sokoni Nshamba. Spika ikifa, sisi watoto tulikuwa tunagombania sumaku yake. Mvua ikikatika tunaiburuta kwenye mfereji wa barabara, na mchanga mweusi unaisimamia juu yake kama nywele za mtu aliyeogopa. Hiyo ndiyo maabara yangu ya kwanza. Hadi namaliza kidato cha sita sikuwahi kujiuliza kwa nini chuma kinakubali kuwa sumaku na sufuria ya aluminiamu inakataa.

Jibu ni kwamba kila elektroni ni kama kisumaku kidogo, na kisumaku hicho kinaitwa spini. Ndani ya chuma, spini jirani zinakubaliana kuelekea upande mmoja, na jumla ya makubaliano hayo ndiyo inayovuta mchanga wa mferejini. Kuna vitu vingine ambavyo jirani anaelekea juu, anayefuata anaelekea chini, anayefuata juu tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Sogeza msumari, hauvutwi. Utaapa kwamba hapa hakuna sumaku. Kumbe ndani kuna utaratibu kuliko paredi ya JKT.

Sasa mguse mmoja. Kwenye paredi, askari mmoja akiyumba anamgusa wa pembeni, wa pembeni naye anamgusa mwenzake, na kuyumba kunasafiri kwenye mstari hata kama kila mtu amebaki pale pale aliposimama. Spini ni hivyo hivyo. Msukosuko wa mmoja unakuwa wa wote, unapita kama wimbi. Wanafizikia wameliita wimbi la spini.

Projekti yangu mimi haikuwa na eksirei hata moja. Eksirei za namna hii hatuna, nitalifikia hilo. Niliandika programu kwenye laptopu ya kuazima: mnyororo wa spini 100, naisukuma ya kwanza, kompyuta inakokotoa zinazofuata zinafanya nini. Usiku ule programu ilipokubali kwa mara ya kwanza, wimbi likapita kwenye skrini kutoka kushoto kwenda kulia, nilimwamsha mwenzangu wa chumbani saa nane usiku aje aone. Aliangalia, akauliza, "Hii inaongeza bumu?" akageukia ukutani.

Kesho yake nikaanza kuichokoza programu. Nilipolegeza kiungo kati ya spini ya 50 na ya 51, wimbi lilifika pale likagawanyika, sehemu ikavuka, sehemu ikarudi lilikotoka. Nilipokikata kabisa, likarudi lote. Hapo ndipo nilipoelewa ninachosoma. Wimbi halisambai kama harufu ya samaki, kwamba kila mwenye pua ataipata. Linafuata viungo. Ukijua limepita wapi, kwa kasi gani, na limeishia wapi, unajua nani amefungamana na nani na kwa nguvu kiasi gani. Elektroni huwezi kuziita kikao uziulize undugu wao. Unazisukuma kidogo, unatazama.

Likizo ndefu nikaenda nyumbani. Safari ya basi kutoka Mbezi hadi Muleba sitaisimulia, wa kanda ya ziwa wanaijua. Nilishuka mgongo umekufa ganzi, nikapanda bodaboda, na tulipofika Nshamba nikakuta jambo limeshapangwa. Shule moja ya sekondari ya jirani inatafuta mwalimu wa Fizikia kuanzia Januari. Baba alikuwa ameshaniombea nafasi. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa zawadi, na kwa kweli ilikuwa zawadi. Mnajua wenyewe ajira zilivyo. Mimi nilikuwa na fomu ya shahada ya uzamili kwenye begi. Niliitoa siku ya tatu. Baba aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, akauliza hayo ninayotaka kuendelea nayo ni mambo gani hasa.

Nikaeleza. Wote walikuwepo: baba, mama, baba mdogo, na bibi pembeni anachambua maharage kwenye ungo. Nilipomaliza, baba mdogo alisema, "Yaani miaka mitatu ya mkopo wa serikali umesomea sumaku? Sumaku si nilikuwa nakupa bure!" Wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Bibi ndiye aliyesema nimwonyeshe hilo wimbi. Nikafungua laptopu, nikamwekea. Likapita. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Alilitazama mara tano au sita, ungo umelala mapajani. Kisha akaonyesha kwa kidole pale kwenye kiungo nilichokikata, akauliza kwa nini hapa linarudi. Nikamwambia hawa wawili hawashikani, kwa hiyo haliwezi kuvuka. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa Kihaya jambo ambalo naliandika hapa kwa Kiswahili: "Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Walimu hawakupata hata mmoja."

Baba aliinua uso. Hata yeye, mtoto wake wa kumzaa, alikuwa hajawahi kumsikia akilisema.

Kwa wasiojua, haya ndiyo yaliyoandikwa. Tarehe 30 Januari 1962, Uhuru haujamaliza hata miezi miwili, wasichana watatu wa Kashasha walianza kucheka. Wakafuata wengine. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa, na walimu hakuna. Wasichana wakarudishwa makwao. Mwezi wa nne na wa tano, Nshamba, ambako baadhi yao walitoka, wakapatwa watu 217, wengi wao vijana na watoto wa shule. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliliandika jambo hilo mwaka 1963 kwenye jarida la tiba. Vipimo havikuonyesha sumu wala kijidudu. Hakuna aliyekufa.

Na haya ndiyo ya bibi. Alikuwa na miaka 13, darasa la tano. Binti wa shangazi yake alirudishwa kutoka Kashasha, wakawa wanalala mkeka mmoja. Siku ya nne bibi akaanza. Anasema hakukuwa na kitu cha kuchekesha. Kicheko kilikuja chenyewe kama kwikwi, na nyuma yake kikaja kilio, kisha usingizi, kisha kicheko tena. Akishikwa anakimbia, akiachwa anakimbia. Mbavu zilimuuma hata kuvuta pumzi. Siku sita. Watu wazima walisema kila aina ya maneno: unga umetiwa sumu, wazee wamekasirika, hewa imeharibiwa na mabomu ya atomiki ya Wazungu. Mtoto wa jirani wa upande wa chini, ambaye hawakuwa wakicheza naye kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa kibanja, hakupata kitu, na nyumba zao zilitenganishwa na migomba tu. Lakini binamu yake aliyekaa mbali, ng'ambo ya bonde, ambaye walikuwa wanakwenda pamoja kuchota maji kila siku, alipata.

"Wanaokuja na vinasa sauti wanauliza kucheka tu," alisema. "Kulia hakuna anayeuliza. Halafu wote wanakuja imeisha. Hata mtu wa afya aliyekuja kunipima siku zile, alikuta nimepona. Akaniangalia macho, akaniangalia ulimi, akaandika sina kitu."

Wote wanakuja imeisha. Nililala na maneno hayo, kwa sababu nilikuwa nimetumia muhula mzima nikisoma jinsi wanafizikia nao walivyokuwa wakifika imeisha.

Zamani walijua kwamba ukiipasha sumaku moto inapoteza usumaku wake, na wakaamini jambo hilo linakwenda taratibu: joto liingie kwanza kwenye atomi, atomi zitikisike, spini ziyumbe. Mwaka 1996, Strasbourg huko Ufaransa, Beaurepaire, Merle, Daunois na Bigot walichukua utando mwembamba sana wa nikeli wakaupiga kwa mpigo wa leza wa femtosekunde 60. Usumaku ulishuka ndani ya muda usiofika hata pikosekunde moja. Hakuna aliyetegemea kasi hiyo, na ubishi wa jinsi inavyowezekana haujaisha hadi leo. (Nikeli, naam, kama ile iliyolala chini ya ardhi ya Kabanga, wilaya ya Ngara, mkoani kwetu. Tunaizungumzia kwa tani na kwa betri. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ndiyo iliyofungua tawi zima la fizikia.)

Femtosekunde ni nini? Sekunde moja ina femtosekunde nyingi kuliko sekunde zilizomo ndani ya miaka milioni 30. Mwanga, ambao hakuna kinachoupita mbio, kwa femtosekunde 100 unakwenda umbali usiofikia unene wa unywele. Kwa mizani ya spini, pikosekunde nzima ni mchana kutwa. Ukifika na kifaa kinachohitaji sekunde moja kutazama, wewe ni yule mtu wa afya, unaandika kwamba mtoto hana kitu.

Watu wa Strasbourg walitazama kwa mwanga wa kawaida wa leza. Mwanga huo mawimbi yake ni marefu mara elfu kadhaa kuliko nafasi iliyopo kati ya atomi na atomi. Ni kama kuitazama paredi kutoka kwenye ndege: utajua inasambaratika, hutajua nani kamgusa nani. Kwa hilo unahitaji eksirei, ambayo urefu wa wimbi lake unalingana na nafasi za atomi. Unaichagua eksirei yenye nishati inayoiamsha atomi unayoitaka, unaitupa ndani, inatawanyika, unaikamata inapotoka. Ikitoka na nishati pungufu, jua kilichopungua kimeachwa ndani, na kimegeuka kuwa wimbi la spini. Pembe iliyotokea inakwambia wimbi hilo ni refu au fupi. Mimi hupenda kuifikiria kama kumtuma mtoto dukani na noti ya elfu kumi: kwa chenji anayorudi nayo na njia aliyorudi nayo, unajua amenunua nini na kwa nani.

Lakini eksirei ya hospitali haiwezi kazi hii. Inatakiwa kali mno, na ije kwa mpigo mfupi wa femtosekunde. Mashine ya kwanza ya kutoa eksirei kali za mpigo mfupi kama huo ilianza kazi mwaka 2009, Stanford, Marekani. Wajapani wakafuata na ya kwao. Mwaka 2017 ikafunguliwa nyingine karibu na Hamburg, Ujerumani, yenye urefu wa kilomita 3.4, karibu yote chini ya ardhi. Elektroni zinakimbizwa hadi karibu na kasi ya mwanga, kisha zinapitishwa katikati ya safu ndefu ya sumaku zinazopishana ncha, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Elektroni zinayumba kama mlevi barabarani, na kila zikiyumba zinatema eksirei. Kwa hiyo sumaku ndizo zinazotumika kuzichungulia sumaku. Baba mdogo alilipenda hilo kuliko yote.

Namna ya kutazama ni hii. Leza inapiga kwanza, ndiyo inayochokoza. Eksirei inafuata nyuma yake, ndiyo inayotazama. Unachelewesha moja kwa kuirefushia njia kwa vioo: ukiongeza milimita 0.3, umechelewesha pikosekunde moja. Unarudia mara nyingi mno, kila mara na ucheleweshaji tofauti kidogo, halafu unazipanga picha kwa mfuatano. Huwezi kukimbia kama spini. Ila unaweza kupanga uwe umeshafika kabla haijaanza.

Kazi niliyoisoma hadi karatasi ikachanika ni ya mwaka 2016, iliyofanywa kwa mashine za Marekani na Japani na kundi lililokuwa na Mark Dean wa maabara ya Brookhaven. Walitumia kitu kilichoundwa kwa stronshiamu, iridiamu na oksijeni. Ni katika vile visivyovuta msumari kwa sababu jirani hupingana. Kimejengwa kwa matabaka. Spini za tabaka moja zimeshikana sana, lakini tabaka na tabaka zimeshikana kidogo tu. Leza ilipokipiga, baada ya pikosekunde mbili ule utaratibu mkubwa wa kitu kizima ulikuwa umevunjika vibaya. Halafu ikaja sehemu ya kushangaza. Ndani ya kila tabaka, majirani walirudi kupatana baada ya pikosekunde chache tu. Lakini kupatana kwa tabaka na tabaka, ule utaratibu wa kitu kizima, kulichukua mamia ya pikosekunde, na kadiri pigo la leza lilivyokuwa kali ndivyo ulivyochelewa. Kuna kupona kwa aina mbili, na ungetazama kwa ujumla tu ungeona moja.

Vitu vya aina hii vinachunguzwa kwa sababu ni binamu wa zile oksidi za shaba zinazopitisha umeme bila kupoteza chochote, na kwa sababu siku moja kumbukumbu za kompyuta huenda zikaandikwa kwa mwanga. Hizo ndizo sababu ninazoandika kwenye fomu. Sababu yangu mimi ni hiyo ya kupona mara mbili.

Nilimweleza bibi, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Nilipanga maharage kwenye ungo kwa mistari, nikautikisa. Alisikiliza, kisha akasema kwamba yeye na wenzake walirudi kucheza baada ya wiki moja. Walichezea rede mahali palepale. Lakini kijiji hakikurudi. Watu walikuwa wanaacha kuongea wakipita. Kwenye arusi waliwekwa mbali na bi harusi, wasije wakaanza. Na shule zilipotulia, baba yake alisema asirudi, kwa sababu kule ndiko ugonjwa ulikotoka. Akasubiri muhula mmoja, mmoja mwingine. Wadogo zake wakaenda, yeye akabaki kibanjani. Hakurudi tena. Miaka yote nimeamini bibi hakumaliza shule kwa sababu ya umaskini wa zamani, kama bibi wote.

Nikamwambia ndivyo ilivyo hata kwenye kile kitu cha iridiamu, majirani hupona mapema, kitu kizima huchelewa. Alinitazama kama ninavyomtazama mtu anayeniuliza kama fizikia ni ya wanaume. "Sisi si sumaku, mjukuu wangu," akasema. "Sumaku haina baba wa kuikataza."

Yuko sahihi, na nimeandika hivyo kwenye dibaji ya projekti, ingawa msimamizi ameizungushia wino mwekundu. Spini haiogopi mtihani. Haiachi nyumbani ikalazwa bwenini na wageni ikiwa na miaka 12. Wataalamu wa akili waliolichambua jambo la 1962 wanazungumzia hofu na shinikizo lililokuwa juu ya mabinti wale, na hapo hesabu zangu hazina la kusema. Ninachokiona ni jambo moja dogo: kicheko hakikusambaa hewani. Kilipita mkeka kwa mkeka na ndoo kwa ndoo, kikaishia pale ambapo watu hawakushikana. Mwenye jicho la haraka angeweza kuchora ramani ya Nshamba ile, nani alimpenda nani. Hakuwepo.

Turudi kwenye fomu. Afrika nzima haina hata mashine moja ya hizi. Hata zile ndugu zao zinazoitwa sinkrotroni, ambazo mpigo wake ni mrefu zaidi, hatuna. Ya karibu nasi ipo Jordan, SESAME, ilizinduliwa mwaka 2017. Wanasayansi wa bara hili wanazungumzia kujenga ya kwetu, na mkutano wao wa kwanza walifanya mwaka 2015 huko Grenoble, Ufaransa. Ndiyo, Grenoble. Unaenda kupanga harusi yako sebuleni kwa watu kwa sababu wao ndio wenye viti. Sisemi kwa ubaya, wenye viti walikaribisha vizuri.

Hata hivyo mlango haujafungwa wote. Kwenye mashine hizo kubwa hulipi muda wa kutumia kama matokeo utayachapisha. Unaandika ombi, linashindanishwa na mengine, likishinda unapewa siku zako chache. Na nusu ya kazi si mashine. Ni kuelewa kilichotoka, na hiyo hufanywa kwa karatasi na kompyuta, mahali popote penye umeme na watu wa kubishana nao. Kigali ipo taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, EAIFR, iliyoanza mwaka 2018 kwa ushirikiano na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia. Huko ndiko fomu yangu ilikotakiwa kwenda.

"Nje ya nchi?" baba aliuliza.

"Baba, Kigali ni karibu kuliko Dar."

Akafikiri. Ni kweli, na alijua ni kweli. Kahawa ya kwetu imevuka mipaka mingi kuliko sisi. Bibi aliuliza swali moja tu: huko watakupa chumba, au utalala na watu? Nikamjibu sijui. Akasema niulize kabla ya kwenda.

Fomu nimeituma. Hadi naandika haya sijajibiwa. Baba hajaiambia ile shule hapana, na mimi sijamwomba aiambie. Mwalimu wa Fizikia Nshamba si jambo dogo. Na mimi nilifundishwa na mmoja aliyetufundisha bila maabara, na kama si yeye ningekuwa nimebaki na mchanga wa mferejini. Siku nyingine naamka nikiwa upande wa shule, siku nyingine upande wa Kigali.

Kabla sijarudi chuoni nilimrekodi bibi kwa simu, jioni mbili. Aliruhusu kwa sharti kwamba nimuulize na kulia. Nilimuuliza. Mengi ya sehemu hiyo ni yake na sitayaweka gazetini. Jioni ya pili, kama dakika ya 38, anaigiza jinsi baba yake alivyomfukuza kibanjani akiwa na mnyororo wa mbuzi ili amfunge asikimbie, akajikwaa yeye mwenyewe akaanguka kwenye mtungi wa lubisi. Bibi anaanza kucheka. Ni kicheko cha kawaida, cha mzee, chenye kikohozi katikati. Nasikika na mimi nikicheka. Halafu mama yangu, ambaye alikuwa jikoni anamenya ndizi na hakusikia neno hata moja la kisa chenyewe, naye anaanza. Baba mdogo alikuwa barazani anachomelea redio ya mtu. Sauti yake inasikika kwa mbali, kavu kabisa, inauliza: "Nyie mna nini?"